Chekechea ya darasani au chekechea ya nje? Ulinganisho kwa mzazi wa Nakuru, Kisumu na Kakamega

Mwezi wa Oktoba mwaka uliopita, nilipokuwa nikimtafutia binti yangu nafasi ya kuanza PP1, mwaka wa kwanza kati ya miwili ya chekechea nchini Kenya (wa pili huitwa PP2), mwezi wa Januari, nilitembelea chekechea mbili za Nakuru katika juma moja, na kwa sadfa nilizikuta zote mbili zikishughulika na wadudu. Katika ile ya kwanza, darasa safi lenye kuta za manjano na kadi za herufi zilizoanikwa kwenye uzi, mwalimu alikuwa amechora sisimizi mkubwa ubaoni. Watoto thelathini na wawili walimfuatisha kwa sauti moja kwamba sisimizi ana miguu sita, kisha wakagawiwa karatasi za kupaka rangi. Mtoto aliyempaka sisimizi wake rangi ya zambarau aliambiwa arudie.

Katika ile ya pili, iliyo kwenye shamba lenye migunga upande wa kuelekea Menengai, watoto wanne walikuwa wamechutama kando ya msafara wa sisimizi waliokuwa wakiburura kipande cha mandazi. Mwalimu alikuwa amechutama nao, kimya, na kwa dakika kumi za kwanza nilidhani kwamba hakuwa amejiandaa. Kisha akauliza swali moja tu: "Wakikuta jiwe, wanapita wapi?" Msichana mmoja akaweka kijiwe njiani. Mmoja akasema wanazunguka, mwingine akasema wanapanda juu yake, ukazuka ubishi, na ubishi huo ukawalazimisha kuhesabu. Saa ya uji ilipofika walikuwa wamepata sita waliozunguka na wawili waliopanda, na hakuna mtu mzima aliyekuwa amewaambia wahesabu.

Ningekuwa naandika tangazo la shule ningeishia hapo. Lakini katika shamba hilohilo palikuwa na mvulana aliyekaa juu ya gurudumu kuukuu karibu na lango, akichora mistari mchangani kwa kijiti, tangu nilipoingia hadi nilipotoka, na nilipouliza habari zake niliambiwa kwamba leo "amechagua kutulia". Huenda ni kweli. Hata hivyo, nilipouliza kama anajua kuhesabu hadi kumi, hakuna aliyekuwa na jibu, ilhali yule mwalimu wa darasa la manjano alifungua daftari lake akanionyesha, mtoto kwa mtoto, nani anatambua tarakimu zipi na nani bado anageuza herufi. Ulinganisho huu umetokana na mvutano huo, na unamlenga mzazi mwenye mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anayepaswa kuamua kabla ya muhula kuanza.

Tofauti yenyewe iko wapi

Watu wengi hudhani kwamba tofauti ni kuta: huyu anafunza ndani, yule anafunza nje. Tofauti kubwa zaidi ni nani anayeamua kitakachofuata. Katika chekechea ya kawaida, mwalimu hupanga vipindi, ambavyo katika Mtaala wa Umilisi ni vya dakika 30 kwa PP1 na PP2, na kila kipindi huwa na lengo lililoandikwa mapema. Katika chekechea ya nje inayomfuata mtoto, mwalimu hupanga mahali na vifaa, kama vile magogo, kamba, maji, udongo na vikopo, kisha mtoto ndiye huchagua la kufanya, naye mwalimu huangalia, huuliza, hulinda na huandika alichokiona. Kazi ya mwalimu haipungui, bali huhama kutoka ubaoni hadi machoni.

Ndiyo maana zipo shule zinazotoka nje bila kumfuata mtoto: mwalimu hupuliza filimbi, watoto hupanga mstari, hutajiwa majina ya miti, kisha hurudi. Zipo pia zinazomfuata mtoto bila kutoka nje, kama madarasa ya Montessori, mfumo ulioanzia Roma mwaka 1907, ambapo mtoto huchagua kifaa rafuni na kukifanyia kazi hadi aridhike. Mwenye shule akikueleza kwamba yeye ni "shule ya msituni", bado hajakujibu swali la pili, la nani anayeamua kitakachofuata, na hilo ndilo lenye uzito.

Historia yake haihitaji kurasa nyingi. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua taasisi yake ya watoto wadogo mwaka 1837 na kuipa baadaye jina la bustani ya watoto, akiwa na bustani halisi ndani yake. Katika miaka ya 1950 Ella Flatau wa Denmark alianza kutembea msituni kila siku na watoto wake na wa majirani, wazazi wengine wakavutiwa. Mwaka 1993 mji wa Flensburg nchini Ujerumani ulipata chekechea ya msituni iliyotambuliwa rasmi, na mwaka huohuo walimu na wanafunzi wa chuo cha Bridgwater nchini Uingereza walizuru Denmark wakarudi na wazo hilo. Kwetu hatukuwa na jina la kuliuza, lakini aliyecheza kalongolongo nyuma ya jikoni, akapika ugali wa udongo kwenye kifuniko cha kopo na kugombana juu ya nani awe baba, anajua jinsi kazi hiyo inavyofanyika bila ratiba.

Ni haki pia kusema kwamba mtaala wetu wenyewe hauko upande wa karatasi za kupaka rangi. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, unataka mtoto wa chekechea ajifunze kwa mchezo na unayapa mazingira nafasi yake miongoni mwa maeneo ya kujifunza. Anayeisukuma shule kurudi kwenye kuimba alfabeti na kujaza madaftari mara nyingi ni sisi wazazi, tunaohesabu kurasa zilizoandikwa na kuuliza mbona jirani wa rika la mwanetu tayari anasoma Kiingereza.

Kusoma, kuandika, na Gredi ya Kwanza

Hofu hii ndiyo inayowarudisha wengi kwenye darasa la kawaida, na ina sehemu mbili zinazopaswa kutenganishwa.

Sehemu ya kwanza ni kama mtoto anayechelewa kufundishwa kusoma hubaki nyuma daima. Nchini New Zealand watafiti waliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wengine waliosubiri hadi miaka 7, wakakuta kwamba kufikia umri wa miaka 11 hivi waliochelewa walikuwa wamewafikia wenzao. Finland, ambayo husifiwa sana kwa elimu yake, huanza shule ya msingi mtoto akiwa na miaka 7. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, mtoto aliyetumia mwaka wake wa nne akipanda magogo hajapoteza kusoma. Tena vidole vinavyofinyanga udongo, kufunga kamba na kuvunja vijiti ndivyo vitakavyoshika kalamu baadaye, na mtoto aliyebishana juu ya sisimizi kwa nusu saa, kwa lugha anayoijua vizuri, amefanya kazi ya lugha kubwa kuliko aliyeitikia "miguu sita" mara tano.

Sehemu ya pili ni ya Januari ya Gredi ya Kwanza, na hapa sikubaliani na wanaotetea chekechea ya nje kwa kutuambia tusiwe na wasiwasi. Mtoto wa New Zealand aliyechelewa aliingia katika darasa ambamo wenzake wote walichelewa pamoja naye, wala hapakuwa na mtu wa kumcheka. Mtoto wa Nakuru ataingia katika darasa ambamo wenzake arobaini wameshika penseli kwa miaka miwili, na shule nyingi za kibinafsi zitamketisha kwanza asome kifungu na kuandika jina lake kabla ya kumpa nafasi. Hataharibika kwa hilo, ila muhula mmoja wa kujiona mjinga si jambo dogo kwa mtoto wa miaka sita. Shule ya nje inayojua iko Kenya hulizingatia hilo: katika PP2 huwa na muda wa kila siku, hata dakika ishirini tu, wa sauti za herufi na kuandika, iwe mezani au kwa mkaa juu ya ubao chini ya mti. Uliza kama muda huo upo. Ukiambiwa kwamba mtoto ataandika "akiwa tayari", omba kuona kazi za watoto waliotangulia.

Upande wa darasa la kawaida una faida nyingine isiyosemwa sana: mwalimu mwenye orodha ya malengo hugundua mapema mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona ubao. Nje, katika uhuru mwingi, mtoto wa aina hiyo anaweza kujificha kwa mwaka mzima.

Afya, mvua na radi

Katika jambo hili mahali unapoishi panabadilisha jibu kabisa, na ushauri ulioandikwa Ulaya hautoshi. Watu wa Skandinavia wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna mavazi mabaya tu. Waliousema hawakuwahi kuikuta radi ya Kakamega saa tisa alasiri.

Faida za kuwa nje ni za kweli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilipendekeza kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne awe katika mwendo kwa angalau dakika 180 kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kutoa jasho. Fanya hesabu ya siku ya mtoto anayebebwa na basi la shule, akaketi hadi adhuhuri, akabebwa tena, kisha akakaa mbele ya televisheni, uone kama dakika hizo zinapatikana. Huko Guangzhou, China, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule, na baada ya miaka mitatu waliokuwa wamepata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, dhidi ya asilimia 39.5 kwa wenzao ambao hawakuongezewa. Hapo sababu haikuwa mtaala wala falsafa, ni muda wa kuwa nje tu, na darasa lolote la kawaida lenye uwanja linaweza kuutoa.

Kwa wazazi wa Kisumu, Siaya na Homa Bay, swali la kwanza huwa malaria, na mara nyingi linaulizwa vibaya. Mbu anayeeneza malaria huuma zaidi kati ya magharibi na alfajiri. Mtoto anayecheza chini ya mwembe saa nne asubuhi hajajiweka katika hatari kubwa kuliko aliye darasani, na chandarua cha usiku kina uzito kuliko aina ya shule. Hatari za mchana ni nyingine. Maji ya kando ya ziwa yana kichocho, kwa hiyo shule inayowapeleka watoto kwenye ufuo wa Dunga kutazama mashua na ndege inafanya jema, na inayowaruhusu kukanyaga maji inakosea, hata kabla hatujamtaja kiboko. Minyoo ya safura huingia kupitia nyayo, nao funza hupenda vumbi kavu, hivyo viatu si suala la unadhifu. Dawa za minyoo zinazotolewa shuleni na serikali zinamhusu mtoto wa nje kama wa ndani, na mwenye shule binafsi hapaswi kusahau kuwaandikisha wake.

Radi ni jambo zito Kakamega na Kisii. Kwa bahati, ngurumo za bonde la ziwa hupenda alasiri, na chekechea nyingi huwaachilia watoto wadogo adhuhuri. Hata hivyo, shule ya nje isiyo na jengo imara la kukimbilia, bali hema au banda la mabati lililo wazi chini ya mti mrefu, nisingeipa mtoto wangu hata siku moja katika sehemu hizo. Nakuru, iliyo mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, ina matatizo tofauti: baridi ya asubuhi ya Juni na Julai, ambayo huondoka kwa sweta na mbio, na vumbi la Januari na Februari, ambalo haliondoki, na ambalo mtoto mwenye pumu atalilipia usiku. Nyani wa pembezoni mwa hifadhi wanajua vizuri saa ya uji. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, inayoyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia; mtoto anayekimbia hunywa zaidi, kwa hiyo uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, katika shule zote mbili.

Kisha iko mimea, ambayo mwalimu wa nje lazima aijue kwa majina na kwa utomvu. Ua wa mnyaa, ambao ni wa kawaida katika maboma mengi ya Nyanza, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho vibaya sana. Mbegu za mbarika ni sumu, nazo zinapendeza kama shanga. Nilimwomba mwalimu wa lile shamba la migunga anionyeshe mimea ambayo watoto wamekatazwa, akanipeleka kwa minne bila kusita, na kila mmoja ulikuwa umefungwa utepe mwekundu. Jibu hilo lilinipunguzia wasiwasi kuliko maelezo yote ya kwenye kijitabu chao.

Mwalimu na idadi ya watoto

Darasa la kawaida linaweza kustahimili mwalimu wa wastani, kwa sababu kuta humsaidia kulinda na ratiba humsaidia kufundisha. Shule ya nje haina msaada huo. Mwalimu wa wastani nje huwa mlinzi wa mifugo: yupo, anahesabu vichwa, siku inapita. Mtoto huchezacheza tu, na mzazi hulipa karo ya kile ambacho angekipata bure kwa shangazi kijijini. Hivyo idadi ya watoto kwa mtu mzima mmoja, ambayo ni muhimu popote, nje ni sharti. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne, mimi sikubali zaidi ya wanane kwa mtu mzima mmoja mahali palipo na miti ya kupanda au maji.

Chekechea za umma ziko chini ya serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, na kaunti ndizo zinazowaajiri walimu wake. Nimekutana katika shule hizo na walimu wenye diploma na uzoefu wa miaka ishirini, wakiwa na watoto wengi kuliko vifaa. Baadhi yao hutoa mafunzo bora ya nje kuliko shule zinazojiita hivyo, kwa kuwa vizibo vya chupa, mahindi na vijiti ndivyo vifaa walivyo navyo. Kwa upande mwingine, wanaofungua shule za nje mara nyingi ni watu wenye ari, waliosoma falsafa yake kwenye intaneti, na ari bila mafunzo ya watoto wadogo hunitia hofu zaidi ya upungufu wa madawati.

Gharama

Chekechea ya kaunti ndiyo nafuu, ya kibinafsi ya darasani huwa katikati au juu, na ya nje kwa kawaida huwa juu, kwa sababu inahitaji watu wazima wengi na ardhi. Juu ya karo weka gambuti, koti la mvua, nguo za kubadilisha, na sabuni. Utafua kila siku.

Ni ipi basi

Niulizwe mimi, ningesema kwamba mwaka wa PP1 ndio unaofaa zaidi kwa shule ya nje, mradi mambo matatu yawepo pamoja: watoto wachache kwa kila mtu mzima, mwalimu anayeandika anachokiona juu ya kila mtoto, na jengo la kweli la kujikinga. Mojawapo likikosekana, darasa la kawaida lenye uwanja mpana na mwalimu asiyekasirikia sisimizi wa zambarau ni chaguo bora, na wala si chaguo la pili. PP2 ni suala la unakoelekea: kama Gredi ya Kwanza itakuwa katika shule yenye mtihani wa kuingilia na madarasa makubwa, mhamishe mapema au hakikisha herufi zinafundishwa. Mtoto mwenye nguvu nyingi, anayeadhibiwa kila siku kwa kushindwa kuketi, atanawiri nje. Mtoto mkimya sana nisingempeleka kabla ya kujua nani atakayemwona akiketi peke yake juu ya gurudumu. Nisingetegemea pia hadithi za watoto wa shule za nje za ng'ambo wanaofanya vyema baadaye, maana wengi wao ni watoto wa wazazi wenye vitabu, muda na fedha, na wangefanya vyema vilevile kwingine.

Ukienda kuzuru, nenda bila miadi, na ikiwezekana nenda asubuhi ya mvua ya masika. Katika shule ya nje utaona kama watoto wako ndani ya kijumba wakitazama katuni kwenye simu ya mwalimu; katika shule ya darasani utaona kama wamefungiwa tangu asubuhi bila mapumziko. Tazama choo na mahali pa kunawia mikono. Muulize mtoto yeyote alifanya nini jana, umsikilize hadi amalize.

Binti yangu alianza PP1 kwenye lile shamba la migunga, baada ya mwenye shule kukubali kuongeza mtu mzima wa tatu, na mwakani atahamia darasani. Dada yangu wa Kisumu, ambaye nilimsimulia haya yote kwa simu kwa saa nzima, alimpeleka mwanawe chekechea ya kaunti iliyo hatua mia mbili kutoka nyumbani kwake, yenye mwembe mkubwa uwanjani na mwalimu anayewatoa watoto chini yake kila asubuhi kabla jua halijawaka, na sikupata la kumpinga.